Mapigo ya Moyo Wakati Virusi Vimeingia Mwilini

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa wahudumu wa afya. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukumbini imeachwa.

Mheshimiwa mwenyekiti, madaktari, matabibu, wauguzi, wafamasia, wanafunzi, na ninyi ndugu wa wagonjwa mlioitikia mwaliko wetu, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie mabadiliko ya mdundo na umeme wa moyo kwa wagonjwa wenye maambukizi ya virusi. Mada hii kwa kawaida huishia kwenye orodha ndefu ya mabadiliko ya ECG (mchoro wa umeme wa moyo), ambayo msikilizaji huisahau kabla hajafika mlangoni. Leo sikuja na orodha. Nimekuja na swali moja: mapigo ya mgonjwa huyu yamebadilika, je, ni nini kilichoyabadilisha? Ni homa? Ni virusi vyenyewe vilivyoingia kwenye misuli ya moyo? Ni upungufu wa hewa na chumvi mwilini? Au ni sisi, kwa dawa tulizompa? Nasema tangu mwanzo kwamba jibu la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu ndilo lililo ndani ya uwezo wetu kulizuia.

Moyo hujizalishia umeme wake wenyewe. Sehemu ya juu ya atiria ya kulia, yaani chumba cha juu cha moyo upande wa kulia, kuna kundi dogo la seli ambalo, kwa mtu mzima aliyetulia, hutoa amri kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Amri hiyo husambaa katika atiria zote mbili, hukawia kidogo katika kituo kilichopo kati ya atiria na ventrikali, yaani vyumba vya chini, ili damu ipate muda wa kushuka, kisha hupita kwa kasi katika nyuzi maalumu hadi kwenye misuli ya ventrikali. Umeme wenyewe ni mwendo wa sodiamu, potasiamu na kalsiamu zinazoingia na kutoka kupitia vijilango vilivyo kwenye utando wa kila seli. Karibu kila nitakachokieleza leo, iwe homa, uvimbe au kidonge, huishia kwenye vijilango hivyo.

Aliyetuwezesha kuuona umeme huo vizuri ni Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi. Mwanzoni mwa karne ya 20 alitengeneza mashine yenye uzi mwembamba mno uliotandazwa katikati ya sumaku kubwa. Mashine hiyo ilikuwa na uzito wa karibu kilo 270, iliendeshwa na watu watano, na mgonjwa alikaa ametumbukiza mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi. Haikuwezekana kuihamishia hospitalini. Mwaka 1905 Einthoven aliuleta umeme wa wagonjwa maabarani kwake kwa waya wa simu, kutoka hospitali iliyokuwa umbali wa kilomita moja na nusu hivi! Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Leo mashine hiyo hubebwa kwa mkono mmoja. Je, sisi tuna udhuru gani wa kumlaza mgonjwa siku tatu bila kumpima? Namsikia mmoja wenu akisema kwa chini kwamba karatasi zimekwisha. Karatasi zikiisha, vidole vipo: shikeni mshipa wa kifundo cha mkono na mhesabu dakika nzima. Kuhesabu sekunde kumi na tano kisha kuzidisha kwa nne kunafaa kwa mapigo yanayokwenda sawasawa, lakini mapigo yanayoruka au kujikanganya hayataonekana kwa njia hiyo.

Ndugu zangu, tuanze na homa.

Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi joto la mwili linapopanda, mapigo ya mtu mzima huongezeka kwa takriban 10 kwa dakika. Mgonjwa ambaye akiwa mzima ana mapigo 75, akifikisha nyuzi 39.5 tutarajie mapigo 100 au zaidi kidogo. Hapo moyo unafanya kazi yake, na anayempa dawa ya kuyapunguza mapigo hayo anamwondolea mgonjwa msaada anaouhitaji. Lakini mgonjwa huyo huyo akiwa na mapigo 140, homa peke yake haitoshi kuyaeleza. Tutafute sababu nyingine: ametapika na kuharisha hadi damu imepungua maji? Hewa ya oksijeni imeshuka? Kuna damu iliyoganda na kuziba mishipa ya mapafu? Misuli ya moyo imevimba?

Na je, mapigo yakiwa machache kuliko yanavyopaswa? Katika karne ya 19, daktari Jean-Charles Faget aliyefanya kazi New Orleans, nchini Marekani, wakati mji huo ukiteswa na homa ya manjano, aliona jambo lililokwenda kinyume na matarajio: joto la mgonjwa lilikuwa bado liko juu, huku mapigo yake yakishuka. Hakuwa na mashine yoyote ya umeme. Alikuwa na kipimajoto, saa na vidole, na dalili aliyoieleza inaitwa kwa jina lake hadi leo. Dengue nayo ina tabia inayokaribiana na hiyo: mgonjwa anapoanza kupata nafuu, mapigo yanaweza kushuka hadi 50 au chini yake, mara nyingi bila dalili yoyote, na hurudi yenyewe. Muuguzi asiyelijua hilo hupiga kelele usiku wa manane, na anayelijua kupita kiasi hupuuza mgonjwa ambaye kweli njia ya umeme wake imefungwa. Kinachowatenganisha wagonjwa hao wawili ni ECG. Wa kwanza, kila wimbi la P, alama ya umeme wa atiria, linafuatwa na QRS yake, alama ya umeme wa ventrikali. Wa pili, mawimbi ya P yanakwenda kwa mwendo wao na QRS kwa mwendo wao, kila moja bila kujali mwenzake.

Kuna watu wachache ambao kwao homa yenyewe ni hatari kwa umeme wa moyo. Mwaka 1992 ndugu wawili, Pedro na Josep Brugada, walieleza habari za wagonjwa 8 waliopatwa na kusimama kwa moyo ghafla ingawa mioyo yao haikuonyesha kasoro ya umbile, na ambao ECG zao zilifanana katika elektrodi (vipokezi vya umeme) za kifuani upande wa kulia, ambako mstari hupanda baada ya QRS kisha huteremka kwa mteremko. Wengi wenye hali hiyo huishi bila kujijua, maana alama hiyo huja na kupotea. Homa ni miongoni mwa vinavyoifichua, kwa kuwa joto huvuruga zaidi vijilango vya sodiamu ambavyo tayari vina hitilafu. Kwa hiyo mgonjwa mwenye mafua ya kawaida akiwaambia kwamba alizimia alipokuwa na homa, au kwamba katika ukoo wao vijana wamefia usingizini, mpimeni ECG wakati homa ingalipo, na homa hiyo ishusheni mapema kwa parasetamoli. Kusubiri ipoe ndipo mpime ni kuipa alama nafasi ya kujificha.

Nije sasa kwenye hewa na chumvi. Hapa nitapita haraka, kwa kuwa ripoti moja inatosha kunisemea. Mapema mwaka 2020 madaktari wa Wuhan, China, walichapisha habari za wagonjwa 138 wa UVIKO-19 waliolazwa. Wagonjwa 23 kati yao walipata mvurugiko wa mdundo wa moyo. Lakini tazameni walikuwa wapi: kati ya 36 waliokuwa katika uangalizi mahututi, walioupata ni 16, kati ya 102 waliobaki wodini, ni 7 tu. Virusi ni vile vile. Kilichotofautiana ni ukali wa ugonjwa na yote yanayoambatana nao: oksijeni kushuka, potasiamu na magnesiamu kupungua, figo kuchoka, kemikali za uvimbe kufurika katika damu, na presha kutegemezwa kwa dawa ambazo nazo huuchokoza moyo. Atiria huanza kupapatika, mapigo yakawa hayana mpangilio wowote mkononi, na familia hutuuliza kama virusi vimeula moyo. Mara nyingi jibu ni hapana. Mpeni hewa, rekebisheni potasiamu, tibuni kilichomwangusha, na kwa wengi mdundo hurudi ugonjwa unapopoa. Kwa baadhi haurudi, na hao tuwapime kama wanahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda.

Sasa basi, ni lini virusi vyenyewe huingia katika moyo?

Huingia, na si kwa nadra kiasi cha kutusahaulisha. Virusi vya Coxsackie, vilivyopewa jina la mji mdogo wa jimbo la New York ambako vilitambuliwa mwaka 1948 katika uchunguzi wa watoto waliokuwa na dalili za polio, vinajulikana sana kwa hilo, hasa vile vya kundi B. Kishikizo ambacho virusi hivyo hukitumia kuingia ndani ya seli kipo kwa wingi pale seli moja ya moyo inapoungana na jirani yake, yaani pale pale umeme unapovuka. Wapo pia virusi vya mafua makali, adenovirusi, pavovirusi B19 na virusi vya UVIKO-19. Mara nyingi majeraha hayaletwi na virusi peke yake. Kinga ya mwili inapovifuata, huzichoma pia seli za moyo zilizokuwa nzima.

Chukueni kijana wa miaka 20. Aliumwa mafua wiki iliyopita, akadhani amepona, leo analalamika kwamba kifua kinabana na ngazi zinamshinda. Mapigo yake ni 52. Tazameni nami karatasi yake. Karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo kila mraba mdogo ni sekunde 0.04. Kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS haipaswi kuzidi miraba midogo mitano. Hesabuni: kwake ni saba, yaani sekunde 0.28. Mawimbi ya T, yanayoandikwa ventrikali zinapojichaji upya, yamegeuka chini katika elektrodi za pembeni. Kipimo cha troponini, protini inayovujia kwenye damu misuli ya moyo inapojeruhiwa, kimepanda. Je, huyu ni wa kurudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu? Huyu ni wa kulazwa mahali penye mashine ya kufuatilia moyo usiku kucha, kwa sababu miraba saba inaweza kuwa njia iliyofungwa kabisa kabla ya asubuhi. Na mkikuta mstari umepanda baada ya QRS, msikimbilie kusema ni uvimbe wa misuli tu kwa kuwa mgonjwa ana mafua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka Ontario, Kanada, ulionyesha kwamba katika siku 7 baada ya mafua makali kuthibitishwa maabara, uwezekano wa kulazwa kwa shambulio la moyo hufika mara sita ya ule wa nyakati nyingine. Mshipa wa moyo uliozibwa, na vilevile uvimbe wa misuli, huweza kuandika maandishi yanayofanana kwenye karatasi moja.

Wanamichezo wana sababu ya kuisikiliza sehemu hii. Januari 2022 klabu ya Bayern München ilitangaza kwamba beki wake Alphonso Davies, ambaye alikuwa ameugua UVIKO-19, alikutwa na dalili ndogo za uvimbe wa misuli ya moyo alipopimwa. Alikuwa na umri wa miaka 21, mwepesi kuliko karibu kila mchezaji uwanjani. Alipumzishwa, akarudi kucheza Aprili. Angeachwa acheze, pengine asingepata lolote, na pengine angeanguka. Hakuna anayeweza kujua, na ndiyo maana hupumzishwa. Ushauri uliozoeleka ni miezi mitatu hadi sita bila mazoezi mazito, kisha vipimo upya. Kijana hufa kwa uvimbe wa misuli ya moyo si kwa sababu moyo ni dhaifu, bali kwa sababu sehemu iliyovimba hupitisha umeme polepole huku sehemu iliyo nzima ikipitisha kwa kasi, na mazoezi yanapouhimiza moyo, umeme hupata njia ya kuzunguka bila kukoma.

Mtaniuliza kuhusu chanjo, maana najua swali hilo limo ukumbini. Ndiyo, chanjo za UVIKO-19 za aina ya mRNA zimesababisha uvimbe wa misuli ya moyo kwa watu wachache sana, wengi wao wavulana na vijana wa kiume, hasa baada ya dozi ya pili, na kwa sehemu kubwa umekuwa mwepesi na wa kupona. Anayelificha hilo anawapa nguvu wanaolikuza.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonileta hapa. Dawa zetu.

Baada ya kila mpigo, seli za ventrikali zinahitaji muda wa kujichaji upya kwa kutoa potasiamu. Muda huo tunauona kwenye karatasi kuanzia mwanzo wa Q hadi mwisho wa T, na tunauita QT. Ukirekebishwa kulingana na mwendo wa moyo, haupaswi kuzidi takriban milisekunde 450 kwa mwanamume na 460 kwa mwanamke. Ukipita 500, tuko katika hatari. Hatari gani? Mwaka 1966 daktari Mfaransa François Dessertenne alieleza ECG ya mwanamke wa miaka 80 ambaye mawimbi yake yalikuwa yakijisokota kuuzunguka mstari, yakikua na kupungua, kisha yakatulia. Mdundo huo ukitulia, mgonjwa huzinduka na kusema alipata kizunguzungu. Usipotulia, hazinduki.

Sasa mkumbuke Machi 2020. Watu walikuwa wanakufa, hapakuwa na dawa, na kila mmoja alitaka kufanya kitu. Hidroksiklorokwini, dawa ya malaria na ya viungo, ikasifiwa, mara nyingi pamoja na antibiotiki ya azithromaisini. Dawa zote mbili huweza kurefusha QT. Tarehe 28 Machi Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa idhini ya dharura kwa klorokwini na hidroksiklorokwini. Tarehe 15 Juni iliifuta. Mapema mwezi huo huo jaribio kubwa la RECOVERY la Uingereza lilikuwa limetangaza kwamba hidroksiklorokwini haikuwapunguzia vifo wagonjwa waliolazwa. Na waliopewa ni watu gani? Ni watu ambao kemikali za uvimbe, hasa ile iitwayo interlukini 6, zilikuwa tayari zimebana vijilango vya potasiamu, watu ambao kuhara kulikuwa kumeshusha potasiamu yao, na wengi wao walikuwa wanatumia dawa nyingine za moyo. Hidroksiklorokwini hiyo hiyo mtu mwenye ugonjwa wa viungo anaweza kuimeza miaka mingi kwa usalama. Mwili wenye virusi si mwili ule ule.

Msidhani mambo hayo yamekwisha na korona. Je, ni mara ngapi mmemwona mgonjwa wa homa ya virusi anayetapika akipewa ondansetroni ya kuzuia kutapika, azithromaisini ya kifua ambayo kwa virusi haifanyi lolote, na kama ana utando mweupe mdomoni, flukonazoli juu yake? Dawa tatu, zote zinarefusha QT, kwa mtu ambaye potasiamu yake imeishia kwenye ndoo ya matapishi. Mgonjwa anayeishi na VVU na kutumia efavirenzi anaweza kuongeza ya nne. Kila daktari aliyeandika alikuwa na sababu yake, na hakuna aliyezijumlisha. Wafamasia, nawageukia ninyi: karatasi zote za dawa hupita mikononi mwenu. Pigeni simu wodini. Mtakasirikiwa, pigeni tena.

Na mnapopima, pimeni kwa akili. Mgonjwa ana homa, mapigo yake ni 120, na QT yake ni miraba midogo tisa, yaani milisekunde 360. Tukiirekebisha kwa kanuni ya Bazett ya mwaka 1920, ambayo ndiyo mashine nyingi huitumia, tunagawanya kwa kipeuo cha pili cha sekunde 0.5, muda wa kutoka mpigo hadi mpigo, na kupata karibu 509. Hofu kubwa! Tukitumia kanuni ya Fridericia ya mwaka huo huo, tunagawanya kwa kipeuo cha tatu na kupata karibu 454. Karatasi ni moja, mgonjwa ni mmoja. Bazett huzidisha moyo unapokwenda mbio, na wagonjwa wetu wa virusi mioyo yao inakwenda mbio. Asiyelijua hilo atamnyima mgonjwa dawa anayoihitaji, kisha akishachoshwa na tahadhari za uongo, ataipuuza ile ya kweli. Pimeni kabla ya dozi ya kwanza, pimeni tena baada ya dawa kuanza kufanya kazi, na potasiamu ya damu iwe milimoli 4 kwa lita au zaidi.

Limebaki jambo la wale waliokwisha kuruhusiwa. Wapo wanaorudi miezi mitatu baadaye wakisema moyo unadunda wakisimama, hawawezi kupanga foleni, na wameshaambiwa ni wasiwasi. ECG wakiwa wamelala ni nzuri. Basi wapimeni wakiwa wamesimama! Mlazeni dakika chache, hesabuni mapigo na presha, msimamisheni, kisha hesabuni tena kwa dakika 10. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi bila presha kuanguka, au 40 kwa wenye miaka 12 hadi 19, tatizo lake si wasiwasi: neva zinazopanga mapigo na kubana mishipa ya miguu zimepoteza mpangilio wake. Hali hii ilikuwapo baada ya virusi vingine kabla ya UVIKO-19. Tofauti ni kwamba sasa wanaoilalamikia ni wengi mno kupuuzwa. Maji ya kutosha, chumvi zaidi kwa asiye na shinikizo la juu la damu, soksi za kubana, na mazoezi yanayoanzia kitandani na kwenye kiti kabla ya kusimama huwasaidia wengi, na dawa huja baadaye.

Mheshimiwa mwenyekiti, muda niliopewa umekwisha. Mashine ya ECG ipo kwenye meza ya nyuma pamoja na karatasi za wagonjwa zilizoondolewa majina. Anayetaka kupima QT kwa mkono wake mwenyewe, na kubishana na jibu la mashine, aje na rula na kalamu. Asanteni sana.